Ndiyo Iliyosikika Kama Hapana

Merle Gorringe hakuwa mzuri wa sura wala hodari wa jikoni, na skonzi zake zilijulikana mji mzima kwa ugumu. Alichojaliwa ni sikio. Tangu alipoketi mbele ya ubao wa simu katika posta ya Korella, msichana aliyemaliza shule juzi, alikuwa akiwatambua watu kabla hawajajitaja: huyu kwa kikohozi, yule kwa anavyovuta pumzi, mwingine kwa kuku waliokuwa wakitetea nyuma yake. Na Korella, katika nchi ya miwa kaskazini ya Queensland, si mahali pepesi kwa msikilizaji. Watu wa huko humeza maneno. Yale makubwa huyatoa, mvua, kiwanda, Jumamosi, lakini vile vineno vidogo vya kuyashikanisha huvitafuna vikabaki makapi, hiki mlio wa puani, hiki pumzi tu. Mgeni aliyesoma Kiingereza chake vitabuni angeweza kukaa nao mwaka mzima akidhani wanamtukana.

Merle aliwaelewa wote. "Mpigie Merle," watu walizoea kusema, "hata ukiongea na mdomo umejaa nyama, yeye atakusikia." Hakuolewa. Aliishi chumba cha nyuma ya posta, na sifa hiyo ndiyo aliyolala nayo na kuamka nayo.

Ettore Zanchetta alikuja kutoka Italia kabla ya vita akiwa mkata miwa. Vita vilipoanza serikali ikamfunga pamoja na Waitaliano wenzake, vilipokwisha ikamfungua, naye akarudi Korella kana kwamba alikwenda sokoni tu, akanunua shamba kando ya mto, akamleta mkewe Pierina. Siku moja alisimama kwenye kaunta ya posta akitaka kupeleka simu ya maandishi kwa mama yake, na kila alipofungua mdomo watu kwenye foleni walicheka. Maneno yake yalikuwa yanaviringana kama uji. Merle alimhurumia. Alivua hedfoni, akaja mpaka kaunta.

"Bwana Zanchetta, usikimbie. Sema neno moja moja. Lote. Hata lile dogo kabisa, usilimeze, lipe haki yake. Hapo nitakusikia."

Ettore alilishika agizo hilo kama amri ya kanisani. Tangu siku hiyo alizungumza kama fundi anayepigilia misumari: kila neno pigo, dogo na kubwa sawa. Watu waliendelea kucheka, lakini angalau sasa walijua anataka kilo ngapi za unga. Merle, kila alipomsikia, alijisikia raha kidogo moyoni, kama mwalimu anayepita nje ya dirisha na kusikia darasa lake likisoma vizuri.

Mafuriko yalikuja Februari, asubuhi. Mto Korella ulikuwa umeshiba kwa wiki nzima, na kulipopambazuka siku hiyo ukavunja kingo mahali pawili kwa mpigo. Posta iko kwenye mwinuko, basi Merle aliketi mahali pakavu huku vibati vya ubao wa simu, ambavyo huanguka mtu akipiga, vikianguka kimoja baada ya kingine, kila kibati nyumba, kila nyumba maji. Boti yenye injini ya kuaminika ilikuwa moja, ya Snow Maddern, mvuvi wa kaa mwenye nywele nyeupe tangu utoto. Alikuwa ameifunga kwenye nguzo chini ya dirisha la Merle, injini inaunguruma, akingoja kuambiwa pa kwenda.

Dot Pengelly alipiga kutoka bonde la chini. Yeye na mumewe Clarrie walikuwa watu wazima, Clarrie mgonjwa wa moyo.

"Merle, mpenzi, tumepanda juu ya meza," alisema Dot kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari. "Clarrie anahema kidogo. Boti ikipata nafasi, basi. Msihangaike."

"Sawa, Dot. Atakuja."

Kibati cha Zanchetta kikaanguka. Merle alichomeka plagi. Sauti ya Ettore ilikuja katikati ya mikwaruzo, kila neno na nyundo yake: maji yamefika ngazi ya tatu, watoto wako salama barazani, na mwisho, neno aliloligonga kwa nguvu zote ili lipenye mikwaruzo. Merle alisikia: hatuwezi kusubiri.

Alitaka kuuliza tena. Hilo alilijua baadaye, na ndilo lililomla. Swali lilimfika hadi kwenye ulimi. Lakini vibati vitano vilikuwa vimeanguka pamoja, na alishamuuliza mtu huyu "unasemaje?" mara nyingi mno katika miaka yote ile, naye kila mara aliona haya. Na zaidi ya hayo, Merle Gorringe hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alichomoa plagi, akafungua dirisha.

"Snow! Zanchetta kwanza! Wana watoto, hawawezi kusubiri! Kisha Pengelly!"

Snow akaondoka juu ya maji ya rangi ya chai, upande wa juu wa mto. Kwa Pengelly ilikuwa upande wa chini.

Alichokikuta huko alikisimulia mwenyewe baadaye katika baa ya hoteli, na kila aliposimulia sauti ilipanda. Zanchetta na familia yake walikuwa wameketi barazani, juu ya nguzo zao ndefu, wakavu kama biskuti. Pierina alikuwa amechemsha kahawa. "Na yeye," Snow alisema, "amesimama kwenye ngazi na kikombe mkononi, ananipigia kelele hawezi kusubiri! Kikombe mkononi! Nilimsikia kwa masikio yangu haya." Aliwapakia hata hivyo, kwa kuwa hakuna anayeacha watoto kwenye maji, akawafikisha shuleni kilimani. Kisha akageuza kwenda kwa Pengelly, akanaswa na waya wa ua uliozama, akapoteza muda kuukata. Alipofika, Dot alikuwa juu ya mabati ya paa amemlaza Clarrie mapajani, amemfunika uso kwa kofia kumkinga na mvua. Clarrie alikuwa ameshakufa.

Daktari alisema moyo ule ungeweza kusimama siku yoyote. Alipoulizwa kama boti ingefika mapema ingesaidia, alisema, "Pengine." Neno hilo lilibaki mjini kuliko tope.

Maji yalipokwisha, Ettore akaja posta. Alivaa koti lake la misa. Mkononi alikuwa na soseji ya kukausha iliyofungwa kwenye kitambaa, akaiweka kwenye kaunta.

"Bi Merle, hii ni kwa ajili yako. Pierina ameitengeneza. Lakini nataka kuuliza jambo. Kwa nini boti ilikuja kwetu kwanza? Mimi nilikuambia sisi tunaweza kusubiri."

Merle alilisikia tena. Safari hii hakukuwa na mikwaruzo wala vibati, na mdomo wa mwenyewe ulikuwa mbele yake.

Katika Kiingereza cha watu wale kuna kineno, kan, maana yake ni kuweza. Katikati ya maneno hawakitamki hasa. Hukipitia juu juu, kn, mguu haugusi chini. Nacho kina ndugu yake, kaant, maana yake ni kutoweza, na huyo ndiye anayegongwa, ingawa t yake ya mwisho nayo humezwa. Kwa hiyo sikio la Korella halingoji t. Kikipita kwa kunong'ona, ni ndiyo. Kikipigwa kama kengele, ni hapana. Hakuna aliyewafundisha, na hakuna anayejua kwamba anajua. Ettore, aliyeambiwa asimeze hata neno dogo kabisa, alikuwa amesema ndiyo yake kwa sauti ya hapana. Aliisema hivyo kwenye simu, akaisema hivyo kwa Snow pale kwenye ngazi, na kwa kuwa hawakumwelewa akazidi kuigonga.

Merle akaivuta ile soseji upande wake wa kaunta.

"Mlikuwa na watoto, Bwana Zanchetta," akasema.

Macho ya Ettore yakalowa. "Wewe ni mtu mwema," akasema, kila neno na nyundo yake, akavaa kofia akaondoka.

Baada ya hapo soseji zilikuja kila wiki. Wakati mwingine jibini, wakati mwingine mabalungi kwenye gunia. Merle hakuweza kuzila wala kuzitupa. Zilining'inia chumbani mwake juu ya kitanda, zikinuka kitunguu saumu, na usiku alijifunika shuka hadi puani.

Mji nao ulikuwa umepata la kusema. Sikio halilali na njaa, na la Merle lilishibishwa kuliko yote kwa sababu yote yalipita mikononi mwake. Alichomeka waya, akaunganisha nyumba na nyumba, na kabla hajajiondoa kwenye laini alikuwa ameshasikia.

"Walikuwa wanakunywa kahawa, mama. Kahawa!"

"Na Clarrie wa watu anakata roho."

"Wakati wa vita tuliwafunga. Serikali ilikosea nini? Ilikosea kuwafungulia."

Misa ikitoka, wanawake walimpita Pierina kama nguzo. Binti yake mkubwa, Luisa, alirudi kutoka shule amemwagiwa kahawa kwenye mkoba. Ettore hakuelewa chanzo; alidhani ni yale ya zamani yamerudi, yale ya vita, akavumilia kama alivyovumilia kwanza. Na kila alipokuja posta alimwambia Merle, kama mtu amwambiaye rafiki yake wa pekee, "Hawanisalimii, Bi Merle. Sijui nimefanya nini."

"Watachoka," Merle alimjibu, mkono wake ukitafuta plagi yoyote ya kuchomeka.

Alijiambia atasema Jumapili. Jumapili ikapita. Alijiambia atasema maziko yakisahaulika kidogo, kisha akajiambia kwamba sasa akisema atamtonesha Dot kidonda bure. Alikuwa hodari wa kupata sababu. Ile ya kweli aliijua: akisema, hatakuwa tena Merle anayesikia kila kitu, na bila hilo hakujua alikuwa nani.

Juni msimu wa kukata miwa ukafunguliwa. Kehoe, kiongozi wa kikosi cha wakata miwa, akapiga simu kiwandani kuzungumza na mpangaji wa zamu. Merle akawaunganisha. Alipaswa kuondoka kwenye laini. Hakuondoka.

"Shamba la Zanchetta vijana wangu hawaliingii," Kehoe alisema. "Mwaka huu hapana."

"Hata mwisho wa msimu?"

"Acha isimame mpaka ioze. Aliyeshindwa kusubiri boti, sasa tutamfundisha kusubiri."

Mpangaji alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomtoa Merle. Katika miaka yote ile hakuwahi kufungua mdomo ndani ya mazungumzo ya watu. Ilikuwa ni marufuku ya kwanza waliyofundishwa. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Bwana Kehoe, si yeye. Ni mimi. Alisema wanaweza kusubiri. Mimi ndiye niliyesikia vibaya."

Kisha Kehoe akasema polepole, "Merle? Kumbe unatusikiliza?"

"Alisema wanaweza, Bwana Kehoe. Ni ile kan yake. Anaitamka kwa nguvu, ukiisikia unadhani..."

"Tangu lini unasikiliza?"

"Nakuambia kuhusu boti!"

"Na mimi nakuuliza kuhusu simu yangu!"

Kufikia saa ya chai ya asubuhi mji mzima ulikuwa na habari, lakini si ile aliyoitaka. Habari ilikuwa kwamba Merle wa posta husikiliza. Kila aliyewahi kumsema jirani yake alikumbuka alichosema. Mkuu wa posta alimwita na kumwambia kwa huzuni kwamba itabidi apeleke taarifa ngazi za juu. Kuhusu kan na kaant, watu walipuuza. Kineno hicho tu? Nani anayeua mtu kwa kineno? Na wachache walioelewa walisema, "Basi si kosa lake Merle. Mtu akija nchi ya watu, ajifunze kuongea."

Merle aliwajibu hao pale pale kwenye duka la ushirika, mfuko wa viazi mkononi. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuongea hivyo!" Wakamtazama kwa huruma wanayopewa walevi.

Ni mmoja tu aliyeelewa papo hapo, Snow Maddern, kwa sababu alikuwa ameisikia mwenyewe. Alikuwa amesimama karibu na mapipa ya misumari. Uso wake ukawa mweupe kama nywele zake.

"Pale kwenye ngazi," akasema. "Alikuwa ananiambia niende."

"Ndiyo, Snow."

"Na mimi nikamtukana mama yake." Akaweka chini alichoshika, akatoka bila kununua kitu. Hakumwamkia Merle tena, hadi alipohama. Si kwa chuki, watu walisema. Ni kwamba akimwona alisikia injini.

Merle aliomba ruhusa mchana ule ule, akapanda baiskeli hadi kando ya mto. Alitaka Ettore aisikie kwake kabla hajaipata dukani. Alimkuta nyuma ya nyumba akinoa panga la miwa, Luisa kando yake anamwaga maji kwenye jiwe. Merle akasema yote akiwa bado ameshika baiskeli: simu, neno, dirisha, na uongo wake wa siku ile ya soseji ya kwanza. Alikuwa ameyapanga njiani. Alidhani atakapomaliza, mtu huyu atakuwa amesafishwa.

Ettore aliacha kunoa.

"Kwa hiyo boti ilikuja kwa sababu ya mdomo wangu," akasema.

"Hapana! Kwa sababu ya sikio langu."

"Mimi nilitamka. Clarrie Pengelly alinikopesha farasi mwaka wangu wa kwanza. Wa kwanza, Bi Merle, hakuna aliyetaka hata kunikopesha kamba." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilidhani wananichukia bure. Chuki ya bure naweza kuibeba."

Merle akaelewa alichofanya. Alikuwa amekuja kumtua mtu mzigo, na badala yake amempa wake, au nusu yake, na mzigo wake mwenyewe haukupungua hata kidogo. Alitaka kusema neno, akaogopa maneno. Luisa ndiye aliyemwambia, kwa Kiingereza cha Korella kilichomezwa sawasawa, "Afadhali uende sasa, Bi Gorringe."

Kwa Dot Pengelly alifika jua likiwa bado juu. Dot alikuwa akisugua tope la Februari kwenye mbao za ukuta, lilikuwa haliishi. Alisikiliza bila kuacha kusugua.

"Si ungemuuliza?" akasema mwishoni.

"Nilitaka."

"Na mimi?" Dot akageuka. "Mimi nilikuambia msihangaike. Kwa nini hukuniuliza na mimi? Unanijua tangu shule. Nimewahi lini kusema nahangaika?"

Hilo hata halikuwa limemjia Merle. Miezi yote alikuwa amejilaumu kwa neno lililogongwa, na hakuwahi kulifikiria lile lililonong'onwa.

"Umekuja nikusamehe?" Dot aliuliza, si kwa ukali.

"Sijui nimekuja kwa nini."

"Mimi nina mzigo wangu, Merle. Nilisema 'anahema kidogo' wakati alikuwa anakata roho, kwa sababu sikutaka kuonekana mtu wa kelele. Huo wa kwako siwezi kukushikia." Akachovya brashi kwenye ndoo. "Nenda nyumbani. Lakini ukimwona Kehoe mwambie miwa ile ikatwe. Clarrie hakupenda miwa ioze."

Miwa ilikatwa, ya mwisho kabisa, kwa sababu Dot mwenyewe alimwendea Kehoe barazani kwake. Pierina akaanza kusalimiwa, kwanza na mmoja, kisha na wawili. Mkuu wa posta alipata jibu la taarifa yake: Merle aonywe, abaki, kwani hakukuwa na mtu mwingine aliyeuweza ubao ule. Soseji zilikoma kuja.

Ettore hakupiga simu tena. Luisa ndiye aliyepiga kwa niaba yake. Mjini, Ettore alijaribu kuongea kama wenyeji. Merle alimsikia siku moja dukani akimeza maneno, akiyatafuna, akitoa jasho, na mwenye duka akisema "Eh? Eh?" mpaka mzee akanyoosha kidole tu kwenye rafu. Merle alisimama nyuma ya magunia ya unga mpaka alipotoka. Alitamani kumfuata amwambie arudi kwenye nyundo zake. Lakini alishawahi kumwambia namna ya kuzungumza mara moja.

Yeye alibadilika pia. Alianza kuuliza. "Sema tena, tafadhali. Unaweza, au huwezi?" Aliwauliza wote, wenyeji waliozaliwa naye, watu wazima, hata padri. "Anazeeka Merle," walisema. "Lile sikio limekwisha." Aliwasikia wakisema hivyo, akawaunganisha.

Mwaka uliofuata Dot aliuza nyumba kwenda kukaa na dada yake Townsville. Treni ilikuwa ya asubuhi. Merle aliomba ruhusa ya nusu saa, akakuta Ettore amefika kabla yake, katika koti la misa, amesimama mwisho wa jukwaa kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo. Hawakuwa wamepatana. Walisalimiana kwa vichwa.

Dot alimpa Ettore mkono, akaushika muda mrefu, akamwambia jambo ambalo kwa kelele za mvuke Merle hakulipata. Ettore alilijibu. Kisha Dot akaja kwa Merle, akamrekebishia kola ya gauni iliyopinda, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa shuleni, akapanda bila kusema kitu.

Treni ilipokunja kona ya kiwanda, Ettore alivaa kofia.

"Alikuambia nini?" Merle aliuliza.

Alifikiri kwanza, kama anayechagua namna ya kulisema. Kisha akatikisa kichwa, si kwa hasira, akaenda kwenye lori lake.

Merle akarudi posta. Vibati vitatu vilikuwa vimeshaanguka, na mkuu wa posta alikuwa amesimama mbele ya ubao, hedfoni mkononi, hajui aanze na waya upi.